Mukunywe, Papa

Mama Jocelyne alipoanza kuwa mpole, hapo ndipo Murielle alipaswa kuogopa. Hakuogopa. Alikuwa na mpenzi na alikuwa na safari, na binti mwenye vitu hivyo viwili kwa mpigo hutembea akitazama mawingu.

Kwa muda mrefu mama huyo alikuwa amekataa katakata. Murielle na rafiki yake Kathambi walitaka kuizunguka Ulaya kwa treni, kila mmoja na begi lake la mgongoni, kutoka Paris mpaka Vienna, Prague, Berlin na Amsterdam, wakilala kwenye hosteli za bei nafuu na kula mkate kwenye mabenchi ya stesheni. Mama Jocelyne aliposikia habari hiyo mara ya kwanza, ilibidi akae chini.

"Mi nilikimbia vita ya Kalemie na muzigo kwa mugongo," alisema. "Na wewe unataka kulipa juu ya kubeba muzigo kwa mugongo? Batu banaenda Ulaya na valizi, na koti muzuri. Wewe unaenda kama mukimbizi."

Kisha, ghafla, akakubali. Akakubali kwa tabasamu kabisa. Akamtafuta rafiki wa familia aishiye Brussels, mtu aitwaye Thierry, awaandikie barua ya mwaliko ili wapate viza. Ombi lake lilikuwa moja tu: wakishatua Paris, treni yao ya kwanza iende Brussels, wakamsalimie huyo tonton, yaani mjomba, kwa heshima. Wasichana waliona ni jambo dogo. Wakaipindua ratiba yao siku hiyo hiyo.

Siku ya kuondoka ilikuwa Ijumaa. Ndege ilikuwa ya jioni, na Murielle aliamua kufungua saluni asubuhi kama kawaida kwa sababu Héritière, muuza vitenge na mteja wake wa siku nyingi, alilia kwamba hawezi kukaa na kichwa kibovu mpaka fundi wake arudi. Saluni yenyewe ilikuwa katikati ya jiji la Johannesburg, ghorofa ya pili ya jengo la zamani, juu ya duka la jumla la nywele za bandia na chini ya kanisa. Ukutani, kati ya picha za mitindo ya kusuka, Murielle alikuwa amebandika ramani ya reli za Ulaya. Baba yake alifanya kazi ya reli kule Kalemie, Kongo, tangu ujana wake mpaka treni zenyewe zilipoacha kuja, na Murielle alikuwa amemwahidi kwamba kila stesheni atakayofika atampigia amwonyeshe.

"Kumbe wewe ni mutu wa siri hivi," Héritière alisema, kichwa kikiwa nusu kimesukwa. "Ingekuwa mi, Joburg yote ingejua."

"Nitangaze nini, dada Héritière? Safari tu."

"Safari tu!" Héritière alicheka mpaka kiti kikalia. "Mutu anaolewa, anasema safari tu."

Vidole vya Murielle vilisimama ndani ya nywele.

"Nani anaolewa?"

"Eh, Murielle! Usinichezee. Binamu yangu alikuwa pale kwenu Kalemie, njo alinitumia video. Bwana yako hakuwako, bakubwa bake njo balikuya. Mbuzi, suti ya papa yako, bitenge bya mama, gunia ya chumvi. Kila kitu sawa. Angalia."

Akamnyooshea simu.

Ulikuwa uani kwao. Murielle aliutambua ukuta, akautambua mlango, akamtambua baba yake ndani ya suti mpya iliyompwaya mabegani. Mbele yake waliketi wanaume asiowajua, wamevaa vizuri, mikono magotini kama watu wanaosubiri jibu. Mbuzi walikuwa wamefungwa pembeni. Katikati alisimama Tonton Placide, kaka yake Mama Jocelyne, ameinua simu juu ili kila mtu aione. Na ndani ya simu ile kulikuwa na uso mdogo wa mwanamke anayecheka. Ulikuwa uso wake mwenyewe.

Murielle aliichukua simu ile, akaisogeza karibu na macho.

Aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa Jumapili, wametoka ibada, mama yake akamwita jikoni akampa simu. "Papa na bakubwa banabariki safari yako," alimwambia. "Bakikuuliza, jibu na heshima. Usiwaletee Kingereza yako." Siku ile alichokiona kwenye simu ni uso wa baba yake na glasi mkononi mwake, basi. Hakuona wageni, hakuona mbuzi.

Sasa alijiona na kujisikia.

"Murielle, mutoto wangu," baba yake aliuliza kwenye video, "hii kinywaji imeletwa. Tukunywe, ao tuirudishe?"

"Mukunywe, papa."

"Nauliza tena. Tukunywe?"

"Mukunywe."

Mzee akaitazama glasi, kisha akauliza mara ya tatu, polepole sana. Na yule mwanamke mdogo ndani ya simu akacheka kwa furaha na kusema, "Papa naye! Mukunywe tu, mi nakubali!"

Baba yake akanywa. Wanaume wale wakapiga makofi.

"Ni nani?" Murielle aliuliza. "Huyo bwana, ni nani?"

Héritière alianza kuelewa, na kicheko kikamtoka usoni. "Si Thierry ya Brussels? Ule aliyefiwa na muke."

Tonton Thierry. Mtu aliyewaandikia mwaliko. Mtu aliyemwomba picha yake, akaomba na nyingine aliyosimama wima. Mtu aliyempigia wiki iliyopita kumuuliza kama ni mwoga wa baridi, maana chumba kiko upande wa kaskazini, na Murielle akacheka akidhani mzee ana huruma. Chumba kimoja, alisema. Wakati ule Murielle hakujiuliza Kathambi angelala wapi.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, akaingia Festus.

Ukimwona Festus utamsamehe Murielle kwa kutembea akitazama mawingu. Alikuwa Mkenya, mhasibu wa benki, mrefu na mwenye macho ya upole yaliyochelewa kutoka kwa mtu yalipomtazama. Kathambi, mfanyakazi mwenzake, ndiye aliyekuja kusukwa hapo kwanza, naye Festus akaja siku moja kumchukua rafiki yake. Kathambi alimaliza kusukwa, Festus hakutaka kuondoka. Mapenzi yao yalianzia kwenye kiti hicho hicho alichokalia Héritière, na yalikuwa na umri wa miaka miwili.

"Msafiri wangu!" alisema, kisha akauona uso wake. "Murielle? Nini?"

Murielle alimpa simu ya mteja.

Festus alitazama video mpaka mwisho. Akairudisha nyuma, akatazama tena. Kanisani juu wanawake wa kwaya walikuwa kwenye mazoezi, na miguu yao ilifanya taa ya saluni itikisike. Héritière alibaki kitini kwa sababu mbili, nywele zake na habari.

"Mara tatu," Festus alisema hatimaye. "Umeulizwa mara tatu."

"Nilidhani ni baraka ya safari."

"Kwani mtu huulizwa mara tatu juu ya safari?"

"Mimi najuaje? Niliondoka kule mtoto, Festus! Sijawahi kukaa kwenye posa ya mtu yeyote. Hapa tunaenda ukumbini tumevaa vizuri, tunakula, tunacheza, tunarudi nyumbani. Mama aliniambia ni baraka, nikajibu kama mtu anayebarikiwa."

"Unacheka pale. Umesema unakubali."

"Nilikuwa nacheka na baba yangu!"

Machozi yalimtoka, na Festus akashtuka kwa kuwa katika miaka yao miwili hakuwahi kumwona akilia. Alimsogelea amshike. Murielle akarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo moja ilimuuma Festus kuliko video yote.

"Unanitazama kama mwizi," Murielle alisema. "Sasa na mimi nikuulize. Mama yangu alikuuliza wazee wako watakuja lini. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia mwakani."

"Na mwaka jana ulimjibu nini?"

Festus alitazama sakafu.

"Si unajua hali ya mama yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Bado hajakubali. Anauliza wazee wetu watafika vipi Kalemie, watazungumza na wenu kwa lugha gani. Nilitaka kwanza nimlainishe."

"Thierry yuko Brussels, na wazee wake walifika."

Festus aliinua mkono wake, akaushusha. Alimpenda mwanamke huyu kiasi cha kushindwa kulala Murielle akiwa na mafua, na bado alikuwa amemwacha mlangoni miaka miwili akisubiri mama alainike. Alijiona mjinga, na alikuwa sahihi.

"Basi usiende," alisema. "Weka kando hilo wazo la safari leo. Tukae hapa, tulitatue hapa."

"Akose kwenda kwa nini?" sauti ilisema kutoka mlangoni.

Mama Jocelyne alikuwa amesimama na kapu la chakula cha njiani. Juu ya kapu kulikuwa na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri, chekundu na dhahabu. Alimtazama binti yake, akaiona simu ya Héritière, akajua. Hakujitetea. Aliweka kapu juu ya meza ya mafuta ya nywele, akakaa kwenye kiti cha wateja wanaosubiri.

"Mama," Murielle alisema, "mimi sikujua."

"Ungejua, ungekubali?"

"Hapana!"

"Basi."

Alilisema kwa utulivu wa kutisha. Hata Héritière aliinamisha kichwa chake kilichosukwa nusu.

"Nimesuka batu mpaka bidole byangu bimepinda," Mama Jocelyne aliendelea. "Wewe unataka kuzeekea hapa, kwa hii kiti? Thierry iko na nyumba, iko na kazi, iko na heshima. Alileta bakubwa. Huyu," akamwelekezea Festus kidevu, "anakunywesha faluda kwa migahawa ya Fordsburg. Miaka mbili ya faluda. Mwenzake analeta mbuzi Kalemie."

"Mama, mimi nampenda Murielle," Festus alisema.

"Najua, mutoto wangu. Njo mana sikukufukuza. Nilingoja. Nilingoja sana."

"Nitawapigia warudishe," Murielle alisema. "Warudishe mbuzi, warudishe suti, warudishe chumvi."

"Na kinywaji? Papa yako alikunywa mbele ya batu. Unataka atapike?"

Murielle alikwishachukua simu yake. Ililia muda mrefu, kisha uso wa baba yake ukatokea, karibu mno na kamera kama ilivyo kawaida yake, macho na paji la uso tu.

"Mama," alimwita binti yake kwa upole, kama baba wa kwao wanavyowaita mabinti. "Treni ilishaondoka?"

"Papa, sikujua." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja. "Sikujua ni posa. Niliambiwa munabariki safari. Sikuona batu, sikuona mbuzi. Simpendi yule mutu, papa. Niko na mwingine, iko hapa."

Uso wa mzee ulirudi nyuma kutoka kwenye kamera. Mama Jocelyne aligeuka akatazama dirishani, na hapo Murielle akaelewa kwamba baba yake hakuwamo katika hila ile.

"Nilikuuliza mara tatu," baba alisema. "Ile ya tatu niliuliza polepole juu nilitaka useme hapana. Sikumupenda yule mutu. Lakini ulicheka. Nikasema, mutoto wangu anafurahi, mi ni nani? Nikakunywa."

"Papa, nasema hapana sasa."

"Kwa simu?"

"Kwa simu, ndiyo."

"Hapana, mama. Simu njo ilitudanganya." Sauti ya mzee ilikuwa imechoka. "Neno yako ilipita kwa simu, batu bote bakasikia. Nikisema kesho binti yangu alibadilisha kwa simu, watasema mi ni mulevi. Wewe ulitoa neno, wewe utalirudisha. Umuangalie kwa macho, umurudishie kwa mukono wako ile kitenge ya harusi alituma, umuambie mbele ya batu bake. Hapo na mi nitarudisha bintu byake kichwa juu. Lakini sikia vizuri. Ukifika kule bakakufunga ile kitenge, kama ni kwa nguvu, kama ni kwa kubembeleza, mi siko na mudomo tena. Utakuwa bibi yake."

"Sawa, papa."

"Uko na woga?"

"Ndiyo."

"Mi pia," baba alisema, na simu ikakatika. Kama ni mtandao au kama ni yeye, Murielle hakujua.

Basi hivyo ndivyo safari ya furaha ilivyogeuka siku ile. Ramani ilikuwa ile ile ukutani, yenye Vienna yake na Prague yake, lakini macho ya Murielle hayakuona tena mji wowote isipokuwa mmoja. Alimalizia kichwa cha Héritière, maana mteja ni mteja. Kisha akachukua kitenge kile chekundu kutoka kwenye kapu, akakisukuma chini kabisa ya begi lake. Mama yake alimtazama akifanya hivyo na hakumzuia. Aliinuka, akapanda ngazi kuelekea kanisani, akiacha chakula mezani.

Kathambi alikuja na begi lake mgongoni, kofia ya safari kichwani na vicheko vyake vyote, na vikaisha kimoja kimoja jinsi Festus alivyomsimulia. Alikaa chini, begi likiwa bado mgongoni.

"Eish," alisema. "Murielle, mimi ndiye niliyepanga Brussels iwe ya kwanza. Mama yako alinipigia tena juzi, akaniuliza treni yetu inafika saa ngapi na behewa gani. Nikamwambia kila kitu. Aki nilidhani huyo mzee anataka tu kutubebea mizigo."

"Ulidhani kama mimi," Murielle alisema.

"Tusipite huko. Tushuke Paris tupande ya kwenda Vienna. Atasimama kwenye hiyo platform mpaka aote mizizi."

"Halafu? Nitakimbia mji gani na mji gani? Baba yangu amevaa suti ya Thierry."

Walitembea wote watatu mpaka Park Station, kila mmoja na mawazo yake. Kwenye robot ya mwisho, taa za barabarani, Festus alimshika Murielle mkono na hakuuachia tena, hata taa ilipowaka kijani na watu wakawasukuma. Wachuuzi walipanga matofaa yao kando ya njia. Mwanamke mmoja aliwacheka wasichana na mabegi yao, akawauliza wanaenda jeshini. Siku nyingine wangemjibu.

Ndani ya stesheni, mbele ya malango ya treni ya uwanja wa ndege, Kathambi aliwapisha. Akasimama mbali akijifanya anasoma ubao.

"Siwezi kupata viza leo hata nikilia damu," Festus alisema. "Ningekuja nawe."

"Najua."

"Utamkuta na ndugu zake. Watakuwa wamepika. Watakuwa na kina mama wazuri wa kukushika mikono na kukuita binti yetu. Wewe huwezi kumkatalia mtu mzima chakula, Murielle. Nakujua. Hilo ndilo linaniogopesha, sio ubaya wao. Ni wema wao."

Murielle aliuweka uso wake kifuani mwa Festus. Alisikia moyo wake ukienda mbio ndani ya shati la kazini, na akatamani kubaki hapo, begi lianguke, treni iende na watu wengine. Alimpenda. Alimpenda mpaka akamkasirikia.

"Mpigie mama yako," alisema humo humo kifuani.

"Nampigia leo. Nitamwambia wazee wanaenda Kalemie, apende asipende."

"Leo?"

"Leo hii."

"Miaka miwili, Festus. Na hiyo 'leo' umeipata leo." Lakini alikuwa akimshika shati kwa mikono yote miwili. "Nikishamwambia nitakupigia. Nisipopiga—"

"Utapiga."

"Nisipopiga, usiamini mtu mwingine yeyote atakayekupigia."

Alimbusu haraka kama mtu anayeogopa kubadili nia, akamkimbilia Kathambi. Walipitisha kadi zao. Malango yalifunguka, wakapita, yakafungwa nyuma yao. Mbele yao ngazi za umeme zilikuwa zikishuka kwenda chini kwenye reli. Murielle alizikanyaga, akageuka, akampungia Festus mkono.

Hapo ndipo sauti ilipopasuka.

Ilianza kama sauti moja, nyembamba na kali, na Murielle aliitambua kabla hajamwona mwenyewe. Mama Jocelyne alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa stesheni, mkono mdomoni, ulimi ukicheza, akipiga vigelegele. Kulia na kushoto kwake walisimama wanawake wawili wa kwaya ndani ya sare zao, nao wakaitika. Kisha wakaanza wimbo, ule ambao kina mama wa Kalemie humwimbia binti anapotolewa nyumbani kwao kwenda kwa mume. Kwao bibi harusi hatoki kimya. Akitoka kwa vigelegele, ametoka.

"Mama, hapana!" Murielle alipaza sauti. "Mama!"

Nani angemsikia? Johannesburg haijawahi kusikia harusi ikaipita. Mwanamke mfagizi aliweka ufagio chini akapiga kigelegele chake cha Kizulu. Mabinti waliokuwa kwenye foleni ya kadi wakadakia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kucheza. Ukumbi mzima ukajaa, sauti juu ya sauti, watu wasiojua jina lake wakimtoa Murielle kwao kwa furaha ya kweli. Alijaribu kurudi, akapanda ngazi mbili kinyume, lakini nyuma yake kulikuwa na watu na masanduku yao, na begi lake lilikuwa kubwa, na ngazi za umeme hazimngoji mtu. Festus aliona uso wake ukishuka. Aliona mdomo wake ukisema jambo. Kisha akaona paji la uso, kisha kilele cha begi, kisha hakuona kitu.

Wimbo uliisha wenyewe, watu wakarudi kwenye shughuli zao wakitabasamu. Mama Jocelyne alishusha mkono wake mdomoni. Machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Alipita karibu na Festus, akasimama.

"Miaka mbili," alimwambia, "nilingoja hii sauti itoke kwenu."

Akaondoka na wanawake wake, akitembea kama mtu mgonjwa.

Festus alibaki mbele ya malango. Mlinzi wa pale, mwanamume mnene mwenye uso wa kucheka, alikuwa amewaona wakikumbatiana tangu mwanzo. Alimsogelea, akampiga begani kirafiki.

"Halala, bhuti, halala!" alimpongeza. "Umepata mke mzuri. Mungu awatunze."

Festus alifungua mdomo amweleze. Chini yao treni ilikuwa inaondoka, na sakafu ilitetemeka kidogo chini ya viatu vyake.

"Asante," alisema.